Sikukuu ya Kwenu Ukiwa Kigoma, na Safari za Wikendi Zinazowezekana

Kila mwezi wa sita ukikaribia, maswali ni yaleyale. Mkongomani anayefanya kazi Kigoma anauliza awapikie nini watu thelathini siku ya uhuru wa kwao, Juni 30. Mkenya aliyehamishiwa huku na ofisi yake anauliza kama anaweza kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, Jumamosi kwa boti ya abiria akarudi Jumapili. Mrundi anataka kujua kama wikendi moja inatosha kwenda Bujumbura kusalimia wazazi na Jumatatu asubuhi awe kazini. Mganda anashangaa kwa nini dagaa wabichi wameadimika mwaloni, wanakoshushia wavuvi, wiki ileile aliyoalika wageni.

Majibu yote yana mzizi mmoja. Kigoma ni mwisho wa reli, kilomita 1,254 kutoka Dar es Salaam, na mbele yake ni maji ya Ziwa Tanganyika. Mambo mengi hapa yanaamuliwa na mwezi, upepo, boti na mpaka. Anza na hivyo vinne, halafu ndipo uitazame kalenda ya kwenu. Anayefanya kinyume hulipa mara mbili, na wageni wake hula wali mtupu.

Tumeandika hasa kwa ndugu kutoka Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda, Kongo na Zambia. Mtanzania aliyehamia kutoka mkoa mwingine atafaidika na sehemu ya safari.

Uwe navyo kabla hujaanza

- Pasipoti, kibali cha ukaazi, na nakala mbili za karatasi za kila kimoja. Picha iliyo kwenye simu haikusaidii simu ikizima.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanje Jumatano ukitarajia kuvuka mpaka Jumamosi.
- Siku za likizo. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka. Sikukuu ya kwenu haimo katika sikukuu za taifa za hapa, kwa hiyo itatoka kwenye hizo 28.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Ile ya msikitini au ya duka la dawa inatosha.
- Namba za simu tatu: ya mwenyekiti wa mtaa wako, ya mama mmoja anayeuza samaki Kibirizi au Katonga, na ya nahodha mmoja anayeaminika. Zitafute mapema, wakati huna shida nazo.
- Fedha taslimu kwa noti ndogo. Usitegemee kubadilisha shilingi ya Kenya au kwacha mjini Kigoma; jitumie kwa simu kwanza.

SEHEMU YA KWANZA: SHEREHE

1. Chagua siku, usikubali siku ikuchague. Sikukuu za taifa za kwenu ni hizi: Kongo ni Juni 30, Burundi Julai 1. Rwanda nao wana Julai 1, lakini wengi wao hukusanyika Julai 4. Kenya wana Juni 1, Oktoba 20 na Desemba 12. Uganda Oktoba 9. Zambia Oktoba 24. Zote hizo ni siku za kazi Tanzania, isipokuwa ziangukie wikendi. Zitazame basi sikukuu za wenyeji zilizo jirani: Sabasaba (Julai 7), Siku ya Nyerere (Oktoba 14) na Uhuru (Desemba 9). Mganda akisubiri siku tano tu anapata Oktoba 14 bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Wakongomani na Warundi wanashauriwa kufanya jambo moja kwa pamoja: mkesha wa Juni 30 kuingia Julai 1. Mnachangia mbuzi, viti na jiko. Ila kumbukeni saa. Burundi, Rwanda, Zambia na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Kigoma kwa saa moja, na Kinshasa iko nyuma kwa mbili. Ukitaka kushangilia usiku wa manane pamoja na mama aliye Bujumbura, mpigie saa saba usiku ya Kigoma. Aliye na ndugu Kinshasa asubiri saa nane.

2. Tazama mwezi. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa: taa huwavuta dagaa juu, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, dagaa wabichi huadimika na bei hupanda. Mfano ni mwaka 2026: Juni 30 ni Jumanne, na ndio usiku wa mwezi mpevu. Desemba 12 ya mwaka huohuo ni Jumamosi, siku chache tu baada ya mwezi kuandama, giza tupu. Wakenya wamepata bahati. Wakongomani wanunue dagaa wakavu wiki mbili kabla.

Kuna la pili, zito zaidi. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Juni 1, Juni 30 na Julai 1 zote ziliangukia ndani ya kipindi hicho. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa nne, uliza mwaloni kama kuna tangazo. Likitoka, nunua migebuka (samaki wa ziwa hili) ya kukausha na dagaa wakavu kabla ya tarehe ya kufunga, vihifadhi mahali pakavu penye hewa, au badili chakula kabisa upike mbuzi na maharage. Usinunue samaki wa kuibia wakati ziwa limefungwa. Mgeni akikamatwa navyo, kibali chake nacho kinaingia mashakani.

3. Toa taarifa. Mwajiri umwambie mwezi mmoja kabla, kwa maandishi. Mwenyekiti wa mtaa umwendee wiki mbili kabla, kwa miguu yako, ukamweleze ni sikukuu gani, watu wangapi, na muziki utazimwa saa ngapi. Kama mtaweka spika kubwa, atakuelekeza namna ya kupata kibali. Ukimkuta asubuhi, salamu ya Kiha *mwakeye* inafungua mlango vizuri kuliko maelezo marefu.

Swali ambalo mgeni hasahauliki akilisahau: *kuna msiba mtaani?* Uliza siku tatu kabla, uulize tena asubuhi ya siku yenyewe. Kukiwa na msiba nyumba ya tatu, muziki haupigwi, iwe kibali unacho au huna. Chakula kinaliwa kimyakimya, na sahani ya kwanza inapelekwa msibani.

Bendera ya kwenu itundike ndani ya nyumba au uani, isiwe barabarani wala juu ya paa.

4. Hesabu watu, kisha ongeza majirani. Ukialika 18, pikia 25. Majirani hawahitaji kadi, na watoto wa mtaa watakuja kwa harufu. Vipimo vya watu 25, pakiwa na wali na ugali pamoja:

- mchele kilo 3, unga wa ugali kilo 3
- migebuka 25 ya wastani, au mbuzi mmoja wa kilo 12 hadi 15 za nyama
- kisamvu kilichotwangwa kilo 4
- karanga za kusaga kilo 1
- mawese (mafuta ya michikichi) lita 1
- vitunguu kilo 2, nyanya kilo 3, ndimu 10
- dagaa wakavu sado 1 (kopo la kupimia sokoni)
- kama ni Wakenya na Waganda: unga wa ngano kilo 2 kwa chapati 25, na mafuta lita 1

Vyombo vikubwa usinunue. Sufuria, viti na turubai vinakodishwa mitaani. Kwa sherehe za Oktoba hadi Mei lazima turubai, maana mvua ya Kigoma hainong'oni kabla ya kufika.

5. Nenda sokoni na majina sahihi. Hapa ndipo wageni wengi wanapotea, kwa sababu Kiswahili ni kimoja lakini vikapu ni vingi. Mkenya akiomba *ndengu* anaweza kupewa dengu, ambazo ni kitu kingine, aombe choroko. Akiomba *minji*, aseme njegere. Akitaja *viazi* tu anaweza kupimiwa viazi vitamu. Aseme viazi mviringo. *Dhania* ya Nairobi hapa wengi huiita giligilani. Mkongomani anayetafuta *sombe* au *pondu* aombe kisamvu, na *lengalenga* ni mchicha. Mrundi asizunguke soko zima akitafuta *mukeke*: ni mgebuka huyuhuyu, samaki yuleyule wa ziwa lilelile, na *indagara* ndio dagaa.

Dagaa wa Kigoma wana jina nchi nzima, lakini si wote walio sawa. Chukua gao moja, wasugue kiganjani, kisha fungua mkono. Ukiona mchanga, walianikwa chini ufukweni. Watakusumbua meno hata ukiwaosha mara tano. Tafuta walioanikwa juu ya vichanja. Rangi iwe ya fedha inayong'aa. Wakiwa na unjano, wamekaa sana au walinyeshewa wakati wa kuanikwa.

Mawese nayo ina hila zake. Nzuri ni nyekundu ya kuelekea rangi ya chungwa, na ikitulia hujitenga: nzito chini, nyepesi juu. Hiyo ni tabia yake, haijaharibika. Ukinusa uchachu mkali, iache. Ukiwa na shaka, mwombe muuzaji apashe kijiko kimoja motoni. Ikirukaruka na kulia, imetiwa maji. Ibebe kwenye chombo chenye mdomo mpana, kwa sababu asubuhi za Julai huganda na haitoki kwenye chupa ya soda. Pia taja wazi kuwa unataka mawese ya kula. Mafuta ya mise, yatokanayo na kokwa, hutumika zaidi kwenye sabuni.

6. Pika kisamvu mapema, samaki mwisho. Kisamvu ndicho kinachoharibu sherehe nyingi, kwa sababu mtu anadhani ni mboga kama mchicha.

a) Kitwangwe hadi kiwe laini kabisa. Kilichokatwakatwa kwa kisu hakiivi sawasawa.
b) Weka kwenye maji mengi yanayochemka, na kwa nusu saa ya kwanza usifunike sufuria. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke; ukifunika unairudisha chini.
c) Chemsha si chini ya saa moja na nusu. Ongeza maji ya moto yakipungua, usitie ya baridi.
d) Kikishalainika, tia vitunguu, nyanya, karanga na nusu lita ya mawese. Moto mdogo, dakika 30, ukikoroga kutoka chini maana karanga hushika.
e) Dagaa waliooshwa na kutolewa vichwa waingie dakika 15 za mwisho. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu dagaa wana ya kwao.

Utajua kimeiva mafuta mekundu yakianza kuelea pembeni mwa sufuria na kijiko kikisimama kidogo kabla ya kulala.

Migebuka mibichi inunuliwe asubuhi ya siku yenyewe, mwaloni, jua halijapanda. Macho yawe angavu, mashavu mekundu ndani, na mwili ukibonyezwa urudi. Toa matumbo, ikate mara mbili au tatu kwa ubavu, pakaa ndimu na chumvi, acha dakika 20. Ibanike kwanza juu ya makaa hadi ngozi ikauke, ndipo uitie kwenye mchuzi wa mawese, vitunguu na nyanya kwa dakika 15. Aliyeruka hatua ya kubanika atapakua mchuzi wenye miba, maana mgebuka una nyama laini inayomeguka. Mawese isichemke hadi itoe moshi: rangi inakufa na ladha inakuwa chungu.

7. Mbuzi achinjwe na Mwislamu. Ujiji na sehemu kubwa ya Kigoma mjini ni miji ya Waislamu wengi. Ukimwomba jirani Mwislamu akuchinjie, mtaa mzima utakula kwa amani. Usipofanya hivyo, nusu ya majirani watakuja, watasalimia, watakunywa soda na kuondoka. Kama sherehe ina nyama ya nguruwe, ipikwe kwenye sufuria yake, jiko lake na meza yake, na wageni waambiwe wazi. Wakati wa Ramadhani, anza baada ya futari.

8. Siku yenyewe. Mkaa uwe gunia zima hata kama una jiko la gesi. Piga simu nyumbani kabla ya chakula, wakati sauti bado zinasikika. Majirani wapakuliwe kwanza. Muziki uzimwe saa uliyomtajia mwenyekiti. Ukitimiza mara ya kwanza, mwaka ujao hutapata shida.

SEHEMU YA PILI: SAFARI ZA WIKENDI

1. Pima kwa saa, usipime kwa kilomita. Gombe iko kilomita 16 tu kaskazini ya mji, lakini hakuna barabara inayoingia, na inaweza kula siku tatu. Huu ndio mgawanyo wetu:

*Nusu siku:* Ujiji, au ufukwe wa Jakobsen upande wa Katonga.
*Siku mbili:* Gombe kwa boti ya kukodi.
*Siku tatu:* Gombe kwa boti ya abiria, au Burundi.
*Siku nne na zaidi:* Tabora, hifadhi ya Mahale. Usizilazimishe ndani ya wikendi.

2. Anza na Ujiji. Daladala za Ujiji hupita Mwanga, na bajaji zipo muda wote. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Pana kumbukumbu, makumbusho na miembe. Maji yamerudi nyuma tangu siku hizo, kwa hiyo usishangae kusimama mbali na ziwa. Ukimaliza, teremka ufukweni ukatazame mafundi wakiunda majahazi ya mbao kwa mkono. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu bora ya Ujiji, na watu wengi huondoka bila kuiona. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Vaa nguo za heshima. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala.

Picha za bandarini, kituo cha polisi na kambi za jeshi ni marufuku, popote ulipo mkoani.

3. Gombe: elewa boti kabla ya kupanga. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji. Zimewekwa kwa ajili ya wanakijiji: asubuhi mapema zinaleta watu na mizigo sokoni, na mchana zinawarudisha makwao. Kwa hiyo wewe utaondoka Kigoma mchana, utafika Gombe baada ya saa tatu hivi, na kurudi itakubidi uikamate alfajiri. Piga hesabu: ukiondoka Jumamosi mchana, Jumapili ndiyo siku ya sokwe, na unarudi Jumatatu asubuhi ukiwa umeshachelewa kazini. Jumapili boti huwa haba, pengine hakuna. Njia inayokaa sawa ni kuondoka Alhamisi mchana, sokwe Ijumaa, kurudi Jumamosi asubuhi. Siku moja na nusu ya likizo inatosha.

Mkiwa watu watano au zaidi, kodini boti. Kulingana na injini ni kama saa moja hadi mbili. Patana mambo haya kabla ya kulipa chochote: bei ni ya kwenda na kurudi; mafuta yamo; nahodha atalala Gombe au atarudi kuwachukua; chakula chake ni cha nani. Lipa nusu kwanza, nusu mkirudi. Hesabu majaketi okozi kwa mkono wako, moja kwa kila mtu, na uvae. Kulikalia kama mto hakumsaidii mtu.

4. Hifadhini. Weka nafasi ya kulala na ya mwongozaji kabla ya kuondoka mjini. Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo, kwa hiyo bunda la noti halitakusaidia mlangoni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wengine, lakini lazima aonyeshe pasipoti. Asiyekuwa nayo hana namna ya kuthibitisha. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Mwenye mafua au kikohozi naye hubaki, na amri hii haina huruma kwa sababu nzuri: magonjwa yetu ya kifua yanaua sokwe. Utafiti ulioanzishwa na Jane Goodall Julai 1960 unaendelea hadi leo, na kundi linalotembelewa linajulikana mmoja mmoja kwa jina. Barakoa usivue ukiwa karibu nao.

Chakula ulie ndani. Nyani wa ufukweni wa Gombe wanakujua kuliko unavyowajua, na mfuko wa mandazi mkononi haumalizi dakika mbili.

5. Zima saa ya kujiseti kwenye simu. Ukielekea kaskazini ya ziwa au Manyovu, mpakani na Burundi, simu inaweza kunasa mnara wa Burundi au Kongo, ikajirudisha nyuma saa moja. Uliyetega kengele ya saa kumi na moja utaamka saa kumi na mbili, na boti ya abiria haina mazoea ya kusubiri. Ingia kwenye mipangilio, weka saa kwa mkono, na uzime data ya nje ya nchi ili salio lisiyeyuke.

6. Burundi kupitia Manyovu. Ni kama kilomita 60 kutoka Kigoma hadi mpakani. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi ili uvuke mapema. Upande wa pili utakuwa umepata saa moja ya bure, lakini unaporudi unailipa. Kwa hiyo Jumapili hesabu saa za kurudi kwa saa ya Kigoma. Hakikisha umegongewa mhuri pande zote mbili, wa kutoka na wa kuingia. Dagaa na mawese za zawadi zibaki kiasi cha nyumba moja. Ukibeba magunia, tangaza forodhani. Ukienda na gari, jaza tangi Kigoma: mafuta yamekuwa adimu Burundi kwa miaka kadhaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo rudi na kikapu.

Kalemie na Uvira, miji ya Kongo kandoni mwa ziwa, usiziweke kwenye wikendi. Boti za mizigo hazina saa, na hali ya usalama inapaswa kuulizwa upya kila safari. Ubalozi mdogo wa Kongo uko hapahapa mjini.

7. Tabora, ukipata siku nne. Treni ndiyo safari yenyewe. Kata tiketi stesheni siku kadhaa kabla, ukiwa na kitambulisho, na Desemba ongeza muda huo mara mbili. Chukua daraja la kulala. Kwa barabara utapita Uvinza, palipo na chumvi tangu enzi na enzi, na daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi. Tabora pana tembe la Livingstone kule Kwihara, nje kidogo ya mji, na asali ambayo ndiyo zawadi bora ya kupeleka kwenu. Nunua iliyochujwa, funga kifuniko kwa mpira na uibebe wima.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

*Ziwa limechafuka.* Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huinua mawimbi. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Usimwongezee fedha abadili neno. Beba siku zote chakula cha usiku mmoja wa ziada, na mwachie mtu mjini jina la boti.

*Kisamvu ni kichungu.* Hakijaiva. Mwaga maji yake, tia mengine ya moto, chemsha nusu saa bila kufunika. Usikifunike uchungu kwa sukari wala karanga, watu wataumwa.

*Wageni wamezidi.* Usigawe samaki vipande vidogo. Kaanga dagaa waliobaki kwenye sado ile kwa nyanya na vitunguu, songa ugali mwingine. Dakika 40 zinatosha.

*Umeme umekatika.* Nyama mbichi isilale. Ichemshe yote kwa chumvi na ndimu usiku huohuo, utaikaanga kesho.

*Msiba umetokea sherehe imeshaanza.* Zima muziki mara moja, peleka watu wawili wakatoe pole, pamoja na chakula. Wageni wanaweza kuendelea kula.

*Umeogelea ukawashwa.* Kichocho kipo kwenye baadhi ya fukwe, hasa penye matete na maji yaliyotuama. Jikaushe kwa taulo mara tu utokapo majini, na kapime wiki sita hadi nane baadaye hata kama huumwi. Karibu na midomo ya mito usiingie kabisa: mamba na viboko.

*Kibali kimebakiza wiki chache.* Usivuke mpaka. Anza kukihuisha kwanza uhamiaji, na wikendi hiyo nenda Ujiji.

*Umekosa boti ya alfajiri Gombe.* Waarifu askari wa hifadhi, uliza kama kuna boti ya kukodi inayorudi mjini ikiwa tupu, na umpigie bosi kabla ya saa mbili asubuhi. Ukithubutu kutembea ufukweni hadi kijiji cha pili bila askari, umevunja sheria ya hifadhi na utalipa faini juu ya siku uliyoikosa.